Mwenye Vyombo ni Nani? Historia ya Gitaa la Besi na Maduka Yake



Waimbaji wetu tunawajua kwa majina. Wapiga solo tunawajua, na hata wapuliza tarumbeta baadhi yao. Mpiga besi yeye husimama nyuma, karibu na ngoma, na watu humkumbuka siku ambayo hakuja. Kwa hiyo huenda mtashangaa kuona tumempa kurasa zote hizi. Sababu ni kwamba vijana wa bendi zetu huku ughaibuni, wanaopiga harusini na kwenye sherehe za Uhuru na za Idi, wanauliza swali ambalo si jepesi. Gitaa moja la besi linauzwa pauni 200. Jingine, lenye nyuzi nne zilezile, linauzwa bei ya gari. Je, tofauti iko kwenye sauti, au tunauziwa jina?

Sisi tunaona kwamba sauti ni sehemu ndogo ya bei hiyo. Sehemu kubwa ni habari ya kuaminiana na kutoaminiana baina ya wapigaji na viwanda, na habari hiyo ina miaka yake na watu wake. Anayeijua huingia dukani na macho mawili. Asiyeijua huingia na pochi tu.

Tuanzie California. Leo Fender alikuwa fundi redio katika mji wa Fullerton, alikofungua duka la kutengeneza redio mwaka 1938. Gitaa lenyewe hakujua kulipiga mpaka anafariki mwaka 1991. Besi ya umeme yenye freti haikuwa wazo lake la kwanza duniani, kwani huko Seattle katika miaka ya 1930 Paul Tutmarc alikwisha kutengeneza moja iliyoitwa Audiovox 736, lakini haikushika soko. Fender alipotoa yake mwaka 1951 aliiita Precision, yaani yenye usahihi. Jina hilo lilikuwa na sababu. Mpiga besi wa wakati ule alibeba kontrabasi, lile fidla kubwa la kusimama linalomzidi mtu kimo, ambalo halina freti. Kidole kikikosea kwa upana wa ukucha, noti imekwenda kombo. Zaidi ya hapo, mbele ya tarumbeta na ngoma halikusikika. Fender akaweka freti, akaweka sumaku za kunasa sauti (wenyewe wanaziita pikapu, lakini hizi hazibebi magunia), akachagua urefu wa uzi wa inchi 34, na urefu huo mpaka leo ndio kipimo cha karibu kila besi duniani. Bei ilikuwa dola 199.50.

Ni muhimu kuelewa kile kitu kilikuwa nini. Kilikuwa chombo cha kazi. Mwili wake ulikuwa ubao bapa, na shingo ilifungwa kwa skrubu ili ikiharibika ing'olewe na kuwekwa nyingine, kama vile fundi baiskeli anavyobadili usukani. Hakuna aliyedhani kwamba siku moja ubao ule utawekwa nyuma ya kioo.

Waliokipa utukufu ni wapigaji. Monk Montgomery alikibeba katika bendi ya Lionel Hampton mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kisha akaja James Jamerson, mpigaji wa studio ya Motown mjini Detroit, ambaye vidole vyake viko ndani ya nyimbo nyingi kuliko tunavyoweza kuhesabu, nyimbo zilizopigwa hata kwenye redio za kwetu. Besi yake ilikuwa Precision ya mwaka 1962. Nyuzi zake zilikuwa nene, za bapa, na hakuzibadilisha mpaka zikatike. Kwa miaka mingi jina lake halikuandikwa kwenye kava la sahani hata moja ya Motown. Liliandikwa mwaka 1971 kwenye albamu ya Marvin Gaye, What's Going On. Alifariki mwaka 1983, na siku chache kabla ya hapo gitaa lile liliibwa. Tunaomba msomaji aikumbuke habari hii, kwani leo duka likikuambia kwamba besi fulani ina sauti ya Jamerson, linakuuzia sauti iliyotoka kwenye gitaa la kawaida la dukani, lenye nyuzi chakavu, mikononi mwa mtu asiyetajwa.

Sasa tuvuke bahari, tuje Uingereza, kwani hapa kuna jambo ambalo wengi wetu tuliokulia Tanzania ya miaka ya 1970 na 1980 tutalitambua mara moja. Baada ya vita vya pili Uingereza haikuwa na dola. Serikali ikazuia kuingizwa kwa bidhaa nyingi za Marekani, magitaa yakiwemo, na kizuizi hicho kilidumu mpaka mwaka 1959. Kijana wa Liverpool au London aliyetaka Fender aliitazama kwenye picha ya kava la sahani, basi. Waliotaka besi walinunua za Ulaya. Paul McCartney alinunua Höfner yake mjini Hamburg mwaka 1961 kwa kiasi cha pauni 30, kwa sababu ilikuwa nyepesi na rahisi, na kwa kuwa umbo lake kama la fidla halikuwa la ajabu sana likigeuzwa kwa mtu wa mkono wa kushoto. Gitaa hilo nalo liliibwa London mwaka 1972, likarudishwa kwake baada ya zaidi ya miaka 50, habari iliyotangazwa Februari 2024. Kwa hiyo wanaotucheka kwamba kwetu tulikuwa tukingoja fedha za kigeni ili tuagize nyuzi, waulizwe wazee wao walikuwa wakipiga nini. Na heshima kubwa ambayo Fender inayo hapa Uingereza, sisi tunaamini, imetokana kwa sehemu na miaka ile ya kuikosa.

Pigo lililobadilisha kila kitu lilikuja mwaka 1965. Leo Fender, akiwa mgonjwa na amechoka, aliuza kampuni yake kwa CBS, shirika la utangazaji la Marekani, kwa dola milioni 13. Mwaka mmoja kabla yake CBS ilikuwa imenunua sehemu kubwa ya timu ya besiboli ya New York Yankees kwa kiasi kidogo kuliko hicho. Fikirini wenyewe: fundi redio asiyejua kupiga gitaa ameuza karakana yake kwa bei inayoishinda ile iliyolipwa kwa sehemu kubwa ya timu mashuhuri kuliko zote nchini mwake.

Shirika likafanya yale ambayo mashirika hufanya. Uzalishaji ukaongezwa, gharama zikabanwa. Katika miaka ya 1970 mbao zilizidi kuwa nzito, na kwenye baadhi ya modeli skrubu nne zilizoshika shingo zikawa tatu. Wapigaji wakaanza kusema kwamba nafasi kati ya shingo na mwili inatosha kupitisha sarafu. Pengine walitia chumvi, lakini neno lilikwisha toka. Tangu hapo ndipo watu wakaanza kuulizana "ya mwaka gani?" kabla ya kuuliza "bei gani?" Gitaa la kabla ya 1965 likawa dhahabu, la baada yake likawa mashaka. Mwaka 1985 CBS iliiuza kampuni kwa wasimamizi wake kwa dola milioni 12.5, yaani chini ya ilivyoinunulia miaka 20 nyuma, ingawa dola yenyewe ilikuwa imeshuka thamani sana.

Kutoka kwenye mashaka hayo ndipo yakazaliwa magitaa ya bei ya juu. Hayakuzaliwa kiwandani. Yalizaliwa kwa mafundi wa kurekebisha. Mwaka 1969 kule California, katika kundi la watu waliohudumia bendi ya Grateful Dead, ilianzishwa Alembic. Kazi yao ya mwanzo ilikuwa kuyafungua magitaa ya watu na kuboresha umeme wake. Baadaye wakaona heri watengeneze la kwao tangu mwanzo, na besi yao ya kwanza rasmi, ya mwaka 1972, ilikuwa ya Jack Casady wa Jefferson Airplane. Ilikuwa na mbao za tabaka tabaka, shaba, na ndani mashine ya kukuza sauti inayotumia umeme wake yenyewe. Stanley Clarke amesimulia mara nyingi jinsi Rick Turner wa Alembic alivyomfuata baada ya onyesho akamwambia kwamba anapiga vizuri lakini sauti ya gitaa lake ni mbaya. Akampa jingine alijaribu. Maneno kama hayo kwetu yangeleta ugomvi. Clarke aliyasikiliza, na sauti yake tunayoijua ilitoka hapo.

Mjini New York habari ilikuwa ileile. Roger Sadowsky alifungua karakana mwaka 1979, na wapigaji wa studio wakampelekea Fender zao. Mmoja wao alikuwa Marcus Miller, na gitaa lake lilikuwa Jazz Bass ya mwaka 1977. Angalieni mwaka huo! Ni katikati kabisa ya kipindi ambacho wenye maduka hukuambia kwamba Fender ilikuwa imeharibika. Baada ya marekebisho ya Sadowsky, gitaa hilo likawa moja ya besi zinazojulikana zaidi kwa sauti yake duniani. Mwaka 1983 huko Brooklyn, Vinny Fodera na Joey Lauricella walianzisha Fodera, na leo besi zao za kuagizwa hupita dola 10,000 bila shida. Hapa Uingereza Ian Waller na Pete Stevens walitengeneza Wal, ambayo ndani yake kila uzi una sumaku zake na koili zake, na vitufe vyake havifanyi kazi kama vya wengine: badala ya kuongeza au kupunguza besi, huchuja sauti ya juu na kuisisitiza pale inapokatwa. Waller alifariki mwaka 1988, Stevens mwaka 2011, na kazi imeendelezwa na fundi mwingine, Paul Herman, kwa mkono na kwa idadi ndogo. Ndiyo maana foleni ya kuingoja ni ndefu.

Idadi ya nyuzi nayo iliongezeka. Anthony Jackson alimwagizia fundi Carl Thompson besi ya nyuzi sita katikati ya miaka ya 1970, watu wakamwona mwendawazimu. Lakini miaka ya 1980 vinanda vya umeme vilianza kupiga noti za chini kuliko uzi wa E, ambao hutetemeka mara 41 kwa sekunde, na mpiga besi akajikuta ameachwa juu. Uzi wa tano, B ya chini, hutetemeka mara 31. Sisi tunaupa uzi huu uzito wa pekee kwa sababu ndio unaotugusa. Katika taarabu ya zamani pale Unguja kontrabasi ilikuwa na kazi yake kamili. Ilipokuja taarabu ya kisasa, mkono wa kushoto wa mpiga kinanda ulichukua kazi hiyo, na wapiga besi wengi walibaki wakiangalia. Besi ya nyuzi tano ni njia mojawapo ya kurudi kwenye kiti chao. Ila tahadhari: uzi wa B kwenye gitaa la bei nafuu mara nyingi hulegea na kulia kama kamba ya kuanikia nguo. Hapa ndipo fedha ya ziada hununua kitu cha kweli, yaani shingo ngumu isiyopinda, na wakati mwingine urefu wa inchi 35 badala ya 34.

Sasa maduka. Hapa London, mtaa wa Denmark Street ulikuwa wa wachapaji wa nyimbo tangu miaka ya 1910, kisha ukawa wa maduka ya magitaa. Manhattan kulikuwa na mtaa wa 48, na duka la Manny's lililofunguliwa mwaka 1935 na kufungwa mwaka 2009. Katika maduka hayo ya kila kitu, besi ziliwekwa pembeni, tatu au nne, pamoja na mikoba na vitabu vya kujifunzia. Muuzaji alikuwa mpiga solo, na alikujaribishia kwa amplifaya ya solo. Kilichotokea miaka ya 1980 ni kwamba watu walianza kufungua maduka ya besi peke yake. Bass Centre ilifunguliwa Wapping, mashariki ya London. Baadaye ikaja Bass Gallery ya Camden, ambako fundi Martin Petersen alikuwa akitengeneza besi zake za Sei. Mteja alipimwa mkono kama anayeshonewa kanzu, akachagua upana wa shingo, mbao na nafasi ya nyuzi.

Duka la namna hii lilileta kitu kimoja ambacho hakikuwapo: kiti, amplifaya ya besi yenyewe, na besi 20 ukutani za viwanda 10 tofauti. Kwa mara ya kwanza mpigaji aliweza kulinganisha. Kabla ya hapo aliamini tangazo, au aliamini kava la sahani.

Lakini kulinganisha kuna ujuzi wake, na maduka hayana haraka ya kukufundisha. Mwaka 1933 watafiti wawili wa Bell Labs, Fletcher na Munson, walionyesha kwamba sikio la mwanadamu halisikii noti za chini vizuri sauti ikiwa ndogo. Ikiongezwa, besi hujitokeza. Maana yake dukani ni hii: besi yenye betri ndani hutoa umeme mwingi kuliko isiyo na betri, kwa hiyo ukizibadilisha bila kugusa amplifaya, ya betri itaonekana ina sauti nono zaidi. Haina unono wowote. Ina kelele tu. Punguza yenye betri au ongeza isiyo na betri mpaka zilingane, ndipo usikilize.

Pia anza bila kuchomeka waya. Shika mwili wa gitaa ukilipiga, usikie kama linatetemeka. Piga kila noti, freti moja moja, uzi wa G hasa, kati ya freti ya tano na ya saba, kwa sababu magitaa mengi ya mtindo wa Fender yana noti inayokufa haraka mahali hapo, hata ya bei kubwa. Noti hiyo itakukera miaka kumi. Simama na mkanda begani, uachie mkono wa kushoto: kichwa kikianguka kuelekea sakafuni, utakuwa unakibeba usiku kucha. Uliza uzito. Kilo 4 na kilo 5 zinasikika kama tofauti ndogo mpaka ifike saa tisa ya usiku na bwana harusi bado anataka nyimbo. Na nenda na nyimbo zenu. Usipige zile mbwembwe za kidole gumba ambazo kila kijana hupiga dukani. Piga rumba, taratibu, noti ndefu, kwani hiyo ndiyo kazi utakayoifanya.

Kuhusu amplifaya tutasema kwa ufupi. Ampeg SVT ya mwaka 1969, wati 300 na spika nane za inchi 10, ilitengenezwa kwa ajili ya viwanja, na Rolling Stones walizunguka nayo mwaka huohuo. Kichwa chake peke yake kina uzito wa karibu kilo 40. Leo kuna vichwa vya wati 500 visivyozidi kilo 3, na tofauti ya sauti katika ukumbi wa jumuiya wenye watu 200 wanaoongea haitasikiwa na yeyote. Mgongo ndio utakaosikia. Hapa hatuoni sababu ya kulipia historia.

Mbao ni jambo jingine, kwani nyingi zinatoka kwetu Afrika. Warwick, kampuni ya Kijerumani iliyoanzishwa na Hans-Peter Wilfer mwaka 1982, ilijijengea jina kwa bubinga na wenge, mbao za misitu ya Kameruni, Gabon na Kongo. (Wenge, ndiyo, neno lilelile la Wenge Musica.) Mbao nyeusi za Kameruni zinazotengeneza uso wa shingo, wenyewe wanaziita eboni, si mpingo wetu, ingawa wengi huzichanganya. Mwaka 2011 kampuni ya magitaa ya Taylor iliingia ubia katika kiwanda cha mbao pale Yaoundé, na Bob Taylor akaeleza kwamba wakataji walikuwa wakiangusha miti kama kumi ili wapate mmoja wenye weusi mtupu, wakiiacha ile yenye mistari ikioza. Wanunuzi wa Ulaya na Marekani walitaka nyeusi tii, basi. Mteja aliyekaa kwenye kiti cha Camden alikuwa na mkono katika miti ile, naye hajui.

Kisha sheria ikaja. Januari 2017 mkataba wa CITES uliweka chini ya udhibiti jamii yote ya miti ya rozwudi, mpingo wa Tanzania na Msumbiji ukiwemo, pamoja na aina za bubinga. Novemba 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika viliondolewa kwenye masharti hayo kwa miti mingi. Lakini rozwudi ya Brazil imezuiwa kwa ukali tangu mwaka 1992, nayo ndiyo iliyo kwenye shingo za Fender nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 1960. Anayetaka kusafiri na gitaa kama hilo kwenda Muscat, Dubai au Dar es Salaam aulize hati kwanza.

Sasa turudi kwenye neno la kichwa cha habari yetu. Kwetu hatusemi "zana" za bendi. Tunasema vyombo, na mwenye vyombo ndiye mwenye bendi. Neno hili lina historia nzito. NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Polisi walikuwa na bendi yao, Magereza yao, JKT yao, Vijana yao. Mlimani Park ilianza mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, na mwaka 1983 ikaenda kwa DDC. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa. Gitaa la solo, la second solo, la rhythm na la besi yalikuwa mali ya ofisi, kama vile taipureta. Alipohamia bendi nyingine aliondoka na vidole vyake tu, na besi ile akaichukua mwenzake aliyemfuata. Utaratibu huo ulikuwa na wema wake, kwani mtoto wa maskini aliweza kushika chombo ambacho baba yake asingeweza kukinunua. Lakini uliwanyima wapigaji wetu jambo moja: hawakuulizwa wanataka nini. Shingo nene au nyembamba, nyuzi za bapa au za mviringo, vyote viliamuliwa na aliyetia sahihi kwenye karatasi ya kuagiza. Na pamoja na hayo, sikilizeni besi za rekodi zile za Redio Tanzania Dar es Salaam. Mistari ile inatembea, inajibizana na rhythm, inaimba. Sisi hatujasikia iliyoizidi kutoka kwenye gitaa lolote la dola 10,000.

Kwa hiyo kijana wetu anapoingia kwenye duka lile la Camden au Brooklyn, yeye ni wa kwanza katika ukoo wake wa wapigaji kuulizwa swali hilo. Tumeona wengine wakishindwa kulijibu, wakachukua walichoambiwa. Tumeona pia wengine wakiogopa hata kugusa, kwa kuwa mlangoni kuna harufu ya pesa. Kiti kile ni cha kila mtu. Kaa saa nzima, piga besi sita, ondoka bila kununua, urudi wiki ijayo. Wenye maduka wazuri wamezoea.

Kuna biashara moja tu ambayo tunaikataa waziwazi. Mwaka 1995 Fender ilianza kuuza magitaa mapya yaliyochubuliwa makusudi, rangi ikabanduliwa na vyuma vikatiwa kutu, ili yafanane na ya zamani, na bei yake ikawa juu ya yale yasiyochubuliwa. Kwetu fundi rangi wa namna hiyo angefukuzwa mjini. Jaco Pastorius alinunua Jazz Bass yake iliyotumika, ya mwaka 1962, kwa dola 90. Aling'oa freti zake, akaupaka ubao gundi ngumu ya mashua, na mikwaruzo yake yote aliitia yeye mwenyewe kwa kazi. Liliibwa mwaka 1986, likaonekana tena New York miaka 20 baadaye, na mwaka 2010 Robert Trujillo wa Metallica akasaidia familia yake kulirejesha.

Kwa mwenye pauni 500 au 600, ushauri wetu ni Japani. Mwishoni mwa miaka ya 1970 viwanda vya Japani vilikuwa vikinakili Fender za zamani vizuri kuliko Fender wenyewe, mpaka mwaka 1982 kampuni ikaamua kushirikiana nao. Zile za kwanza zilizoletwa Uingereza na Ulaya ziliandikwa Squier, zikauzwa kwa bei ya chini, zikapigwa mashuleni na kwenye baa. Wajuzi walipozigundua bei ikapanda, na zile za mwanzo kabisa sasa zimepita bajeti hiyo. Lakini zilizotoka Japani miaka iliyofuata bado zinapatikana kwa wauza vitu vilivyotumika, na mara mojamoja ile ya mwanzo huangukia mikononi mwa mtu asiyejua anachouza. Namba yake huanza na herufi JV.